Somo la wiki: Ada ya chuo au bidhaa dukani? Mwanao na biashara ya vifaa vya umeme Arusha

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, swali moja hurudi katika maduka ya vifaa vya umeme ya hapa mjini, kuanzia Barabara ya Sokoine hadi vibanda vya Kilombero na Ngaramtoni. Mzazi mfanyabiashara ana akiba yake ndogo. Mtoto amefaulu hesabu na fizikia, lakini si kwa alama za kupeperushia bendera. Je, akiba hiyo ilipe ada ya chuo cha ufundi, au iongeze bidhaa dukani na kijana akae kaunta?

Wengi hulijibu swali hili kwa moyo. Wengine husema "elimu ni bahari" wakalipa bila kuhesabu, na wengine husema "waliosoma wako vijiweni" wakamnyima mtoto nafasi. Wiki hii ukurasa huu unalichukua swali hilo kama unavyochukua bei ya mahindi au ya saruji: soko likoje, kazi zipi zipo, mtaji ni kiasi gani, unarudi lini, na hatari ziko wapi.

SOKO LENYEWE

Biashara ya vifaa vya umeme ni mnyororo wenye pingili tano: kiwanda, msambazaji wa jumla, duka la rejareja, fundi au mkandarasi, na mwisho mteja. Miji mingi ya Tanzania ina pingili tatu za mwisho tu. Arusha inayo hata ile ya kwanza, na hii ni bahati ambayo wazazi wengi wa mkoa huu hawajaitia maanani.

Katika eneo la viwanda la Themi kipo kiwanda cha Tanelec, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Tanzania na Norway. Kinatengeneza transfoma za kusambazia umeme na vifaa vya kuongozea umeme. Shirika la umeme, TANESCO, husambaza umeme wake kwa njia za kilovolti 33 na kilovolti 11. Umeme huo hauwezi kuingia nyumbani mpaka transfoma iliyo juu ya nguzo iushushe hadi volti 400 kwa njia tatu, au volti 230 kwa njia moja. Kwa hiyo kila kijiji kipya kinachowashiwa taa kinahitaji transfoma, na kila transfoma inahitaji mikono ya watu.

Soko hilo lilipanuka kwa sababu mbili. Kwanza, Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanza kazi mwaka 2007 kwa sheria ya mwaka 2005, umeendesha kazi ya kupeleka umeme katika vijiji 12,318 vya Tanzania Bara, kisha ukageukia vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Pili, mwaka 2017 na 2018 serikali iliwaagiza wakandarasi wa miradi hiyo wanunue transfoma, nguzo na nyaya zinazotengenezwa nchini badala ya kuziagiza nje. Mzigo uliokuwa ukishushwa bandarini ukawa kazi ya viwanda vya ndani.

Umeme wenyewe nao umeongezeka. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na mtambo wa mwisho ulikamilika mwaka 2025. Karibu na sisi, njia kubwa ya kilovolti 400 kutoka Singida inapita Arusha kwenda Namanga na kuungana na Kenya, na kituo chake cha kupozea umeme kipo Lemugur. Njia kubwa zikishajengwa, zamu inayofuata ni ya njia ndogo, transfoma, mita, nyaya na swichi. Hapo ndipo dukani kwako panapoingia.

KAZI ZILIZOPO KIWANDANI

Mzazi akisikia "kiwanda cha umeme" humwona mhandisi mwenye kofia ngumu, na kwa kuwa mwanawe hakufika huko anakata tamaa. Tuifuate transfoma moja tuone inapita mikononi mwa nani.

1. Bati maalumu la chuma hukatwa na kupangwa tabaka kwa tabaka kuwa kiini. Kazi hii inataka fundi mitambo mwenye jicho la vipimo.

2. Waya wa shaba au wa aluminiamu husukwa kuwa koili, huku karatasi ya kuzuia umeme ikiwekwa kati ya tabaka na tabaka. Mzunguko mmoja ukizidi au ukipungua, volti haitoki sawa. Huyu ni fundi msukaji, na umakini wake ndio ujira wake.

3. Tangi la chuma huchomelewa, hujaribiwa kama linavuja, kisha hupakwa rangi. Hapa anahitajika mchomeleaji na fundi rangi.

4. Kiini na koili hukaushwa katika tanuri ili unyevu utoke, huingizwa ndani ya tangi na kujazwa mafuta. Unyevu ni adui mkubwa wa transfoma.

5. Maabara hupima uwiano wa volti, ukinzani wa koili, uimara wa kizuizi na umeme unaopotea. Fundi sanifu wa umeme mwenye stashahada ndiye mwenye nafasi hapa, chini ya mhandisi.

6. Nyuma yao wapo mtunza ghala, mnunuzi wa malighafi, mhasibu, ofisa mauzo, mchora ramani na dereva wa winchi.

Hesabu mwenyewe: katika orodha hiyo, waliosomea umeme ni sehemu tu. Mtoto aliyesomea ununuzi na ugavi, akasajiliwa na bodi ya wataalamu wa fani hiyo, anaweza kufika mbali katika sekta ya umeme bila kushika hata bisibisi. Na binti asiachwe nyuma, kwani kusuka koili, kupima maabara na kusimamia ghala hakuna hata kimoja kinachotaka misuli. Norway, waliosaidia kuanzisha kiwanda cha Themi, waliwahi pia kufadhili mafunzo ya wahandisi wanawake kupitia Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

KAZI ZA USAMBAZAJI

Huku ndiko wasomaji wetu wengi waliko, na huku ndiko maarifa yanakogeuka fedha haraka zaidi. Tutoe mifano miwili.

Mteja wa mashamba ya maua ya Usa River anaingia dukani. Anataka "waya na swichi ya pampu ya kilowati 15, njia tatu". Muuzaji asiyesoma humuuliza, "Mwanzo ulitumia ipi?" Aliyesoma hukokotoa: kwa volti 400, na kwa mota ya kawaida ya ukubwa huo, mkondo utakuwa karibu ampea 28. Kwa hiyo anajua kontakta ipi, breka ipi na waya wa unene gani, kwa kuzingatia umbali wa pampu kutoka kwenye mita. Mteja huyo hatakwenda duka la pili, na shamba likiongeza pampu nyingine atarudi.

Mfano wa pili ni wa hasara. Nyaya hafifu zimo sokoni, zimeandikwa milimita 2.5 lakini ndani shaba ni pungufu. Shirika la Viwango, TBS, na Tume ya Ushindani, FCC, hufanya misako, lakini mzigo ukikamatwa dukani kwako, aliyekuuzia hayupo. Kijana aliyesoma ana kipimo rahisi. Shaba ya ujazo wa sentimita moja ya mraba mara sentimita moja kwenda juu ina uzito wa karibu gramu 9. Kwa hiyo mita moja ya waya mmoja wa milimita za mraba 2.5, ukishamenywa plastiki, lazima iwe na karibu gramu 22 za shaba, na mita 100 karibu kilo mbili na robo. Waya wa 1.5 utakuwa na gramu 13 kwa mita. Arusha ni mji wa tanzanaiti, mizani ya gramu haikosekani. Menya mita moja, pima kabla hujalipa. Ikisoma gramu 15, mwachie mwenyewe mzigo wake.

Kipimo hicho hicho kinafundisha jambo la bei. Waya ni shaba iliyovaa plastiki. Bei ya shaba hupangwa katika soko la metali la London kwa dola, kwa hiyo roli dukani kwako hupanda kwa sababu mbili: shaba ikipanda kule, au shilingi ikishuka hapa. Kijana anayefuatilia mambo haya mawili hujua lini ajaze stoo na lini asubiri.

NJIA ZA KUFIKA HUKO

Njia ni tatu, na kila moja ina bei na muda wake.

Njia ya kwanza ni ufundi stadi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo hapa mkoani, kikiwemo cha Njiro. Kijana hupanda ngazi kwa ngazi na anaweza kuanza kazi mapema. Ni njia nafuu na ya haraka.

Njia ya pili ni ufundi sanifu. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani, na mwaka 2007 kikapata hadhi yake ya sasa. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na masomo ya sayansi husoma miaka mitatu hadi stashahada. Chuo hicho pia kina kituo cha Kikuletwa, wilayani Hai, katika eneo la mtambo wa zamani wa umeme wa maji, ambako mafunzo ni ya nishati jadidifu: maji, jua na upepo. Kwa eneo letu lenye hoteli na kambi za watalii zilizo mbali na nguzo za TANESCO, elimu ya umeme wa jua si ya kudharau.

Njia ya tatu ni uhandisi: kidato cha sita au stashahada, kisha shahada ya miaka minne. Hapo bado hajaiva. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka mitatu wa kumlea mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kabla hajasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.

Iko pia karatasi ambayo wengi huisahau, nayo ni leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA. Leseni zina madaraja, na daraja la juu huruhusu kazi kubwa zaidi. Asiye na leseni hufanya kazi kwa kivuli cha mwenye nayo, na kivuli hicho hukatwa katika malipo yake. Kijana akimaliza chuo, leseni iwe shughuli yake ya kwanza, hata kabla hajanunua simu mpya.

HESABU YA MTAJI

Sasa tufike kwenye kalamu na karatasi. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila mzazi aweke zake.

Tuseme una akiba ya Sh. 6,000,000. Chuo, pamoja na ada, chakula, nauli na vifaa, kitakula Sh. 2,000,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, zikilipwa mwanzoni mwa kila mwaka. Dukani, fedha hiyo ingeleta faida halisi ya asilimia 20 kwa mwaka.

Ukiweka yote dukani, faida ni Sh. 1,200,000 kila mwaka, yaani Sh. 3,600,000 kwa miaka mitatu. Ukilipa chuo, mwaka wa kwanza dukani zinabaki milioni nne zinazoleta 800,000. Mwaka wa pili milioni mbili zinazoleta 400,000. Mwaka wa tatu hakuna. Jumla Sh. 1,200,000. Faida uliyoiacha ni Sh. 2,400,000.

Bado. Kijana angekaa kaunta bila mshahara. Akienda chuo utaajiri mtu, tuseme kwa Sh. 150,000 kwa mwezi, ambayo ni Sh. 5,400,000 kwa miaka mitatu. Kwa hiyo gharama kamili ya chuo ni 6,000,000 na 2,400,000 na 5,400,000, jumla Sh. 13,800,000. Wazazi wengi huiona ile sita tu, kisha hushangaa duka limenyong'onyea.

Fedha hiyo inarudi lini? Tuseme amepata kazi ya Sh. 450,000 kwa mwezi. Toa 150,000 unazoendelea kumlipa wa kaunta, linabaki ongezeko la 300,000, yaani Sh. 3,600,000 kwa mwaka. Toa pia ile faida ya Sh. 1,200,000 ambayo bidhaa zako zingeendelea kuizaa. Linabaki ongezeko halisi la Sh. 2,400,000. Gawanya 13,800,000 kwa 2,400,000: miaka mitano na miezi tisa. Kwa kijana wa miaka 20 aliye na miaka 40 ya kazi mbele yake, huo ni uwekezaji mzuri.

Lakini akipata kazi ya Sh. 300,000 tu, ongezeko ni 1,800,000, toa 1,200,000, linabaki 600,000 kwa mwaka. Gharama ile ile sasa inarudi baada ya miaka 23! Cheti ni kile kile na chuo ni kile kile. Tofauti imeletwa na Sh. 150,000 za mwezi.

Hili ndilo somo kubwa la wiki hii. Ada peke yake haiamui faida. Kinachoamua ni kama kijana atatoka na kitu ambacho soko litakilipia zaidi ya mshahara wa kuanzia: leseni, uzoefu wa mkono, au fani ambayo wengine hawana. Elimu ina thamani nyingine isiyopimwa kwa shilingi, hilo halina ubishi, lakini anayekopa kulipa ada lazima ajue deni litalipwa na nini.

NAMNA YA KUPUNGUZA GHARAMA NA KUONGEZA PATO

Kwanza, asome akitokea nyumbani kama inawezekana. Mtoto wa Sakina, Njiro au Tengeru hana sababu ya kupanga chumba mjini. Jumamosi na likizo arudi kaunta. Hapo sehemu ya zile Sh. 5,400,000 inaokolewa.

Pili, uliza mikopo. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilifungua mlango kwa stashahada za fani za kipaumbele. Mkopo ni deni, lakini unakuachia mtaji dukani.

Tatu, mafunzo kwa vitendo yasiwe ya kugonga mhuri. Kijana aandike barua mapema kwa viwanda, wakandarasi na TANESCO, wala asisubiri wiki ya mwisho. Ajira nyingi huanzia pale msimamizi anapomwona mwanafunzi anayefika saa moja kasoro na kuuliza maswali.

Nne, ajifunze pembeni jambo la pili: uandishi wa zabuni, hesabu za gharama, kompyuta ya kuchorea, au kutengeneza mota zilizoungua. Machimbo ya Mirerani, mashine za kusaga na pampu za mashambani huunguza mota kila msimu, na fundi wa kuzisuka upya hakosi kazi.

Tano, wewe mwenye duka mpokee mwanafunzi wa chuo hata kama si wako. Akipanga stoo yako kwa ampea na milimita badala ya kwa mazoea, amekulipa.

HATARI ZAKE

Hakuna biashara isiyo na shimo. Kiwanda cha transfoma kina mteja mkubwa mmoja, nao ni miradi ya umeme ya taifa. Miradi ikipungua au malipo ya wakandarasi yakichelewa, oda hupungua, na anayeumia kwanza ni kibarua. Kazi ya vijiji nayo ina mwisho. Baada ya kuwasha kitakachobaki ni matengenezo, ambayo yanataka mafundi wachache lakini wajuzi zaidi.

Wakazi wa Arusha hawahitaji kuambiwa kwamba viwanda hufa. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichokuwa fahari ya mji huu, kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Philips nao walikuwa wakiunganisha redio hapa hapa. Geti likifungwa, aliyekuwa akijua kubonyeza kitufe kimoja cha mashine moja huondoka mikono mitupu. Aliyejua umeme, uchomeleaji au hesabu huondoka na mali yake kichwani. Kwa hiyo mwanao ajifunze fani inayoweza kuhama, akitoka kiwandani aingie hotelini, shambani, machimboni, au afungue duka lake.

KAULI YA MWISHO

Mzazi aliye na Sh. milioni sita na kijana mwenye bidii asichague chuo au duka kama mtu anayerusha sarafu. Akae na mtoto mezani, waandike gharama yote pamoja na ile isiyoonekana, wataje kazi tatu anazolenga na mshahara wa kila moja, kisha waende Themi, Njiro na kwa wakandarasi wawili kuuliza kama mishahara hiyo ni ya kweli. Safari hiyo ni nauli ya daladala tu. Ikiwa majibu yanafika kwenye ile miaka mitano au sita, lipa ada bila hofu. Ikiwa yanaelekea ishirini, badilisheni fani au njia kabla shilingi ya kwanza haijatoka mfukoni.

Mali bila daftari huisha bila habari, na mtoto ni mali kubwa kuliko roli zote za waya zilizoko stoo. Naye anastahili daftari lake.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaangalia namna ya kusoma masharti ya zabuni ndogo za vifaa vya umeme kabla hujaweka dhamana.